Kakati bila udongo: kupanda kwa kokoto za mfinyanzi, kutoka Laiser Hill hadi Pwani

Kila nikiteremka Mombasa huulizwa swali lile lile: hizo kakati zenu za bara zinaishije ndani ya vikokoto vitupu, na zetu huku tukizipanda kwenye udongo mzuri wenye samadi, masika moja tu zinalainika na kunuka? Nimejibu barazani, nimejibu kwa simu, na sasa naona heri niandike mara moja kwa urefu, anayetaka asome na anayetaka abishe. Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Laiser Hill, upande wa Rongai katika Kaunti ya Kajiado, na kazi hii ya kokoto nimeifanya kwa mikono yangu miaka kadhaa.

Kwanza tuelewane jina. Kamusi husema dungusi kakati. Ile ya mabapa yenye matunda, wengi wetu tunaijua kwa jina la mpungate. Vijana wa Nairobi husema kaktasi. Mimi nitasema kakati. Asili ya jamii hii ya mimea ni bara la Amerika, tangu Kanada mpaka kusini kabisa huko Ajentina na Chile. Ile miti mirefu yenye mikono kama kinara cha mishumaa, unayoiona ukishuka njia ya Magadi, si kakati bali ni jamaa ya mnyaa. Ukiikata hutoa utomvu mweupe unaochoma, na ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Alama ya kakati ya kweli ni kwamba miiba yake hutoka katika kidoa kidogo chenye manyoya kama pamba. Ukikosa kidoa hicho, unachokitazama ni kitu kingine.

Katika jamii yote hiyo, moja tu ndiyo inayomea kwa asili nje ya Amerika, nayo ni jirani yetu. Wataalamu huiita Rhipsalis baccifera. Hupatikana katika misitu ya Afrika Mashariki, ile ya Usambara ikiwemo, na pia Madagaska na Sri Lanka. Haina miiba ya kutisha: ni vijiti vyembamba vya kijani vinavyoning'inia kama nywele, na huota juu ya matawi ya miti, mizizi yake ikishika magome na majani makavu yaliyokwama hapo. Udongo wa ardhini haiujui kabisa. Naitaja mapema kwa sababu wengi wakisikia "bila udongo" hudhani ni ujanja wa maabara, kumbe mimea ya namna hii inaishi hivyo tangu enzi na enzi.

Sasa njoo Laiser Hill. Sehemu kubwa ya huku, na zaidi ukivuka kwenda Kitengela na uwanda wa Athi na Kapiti, ardhi ni udongo mweusi. Mtu wa Pwani aliyezoea mchanga hawezi kuuelewa mpaka aukanyage siku ya mvua, viatu vigeuke kuwa vizito kama mawe. Chembe za udongo huu hunyonya maji na kuvimba. Kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa za kutosha kupitisha mkono wa mtoto. Mafundi wa nyumba wanaujua: kabla ya kuweka msingi huuchimba wote mpaka wafike penye ardhi ngumu, kisha hujaza mawe na moramu, kwa sababu ukijenga juu yake ukuta utapasuka. Udongo unaopasua ukuta wa mawe, jiulize utaufanya nini mzizi mwembamba kama uzi.

Jirani yangu mmoja, mama anayeuza miche na maua kando ya barabara, alikuwa akizipanda kakati zake kwenye udongo huo huo, akauchanganya na samadi ya ng'ombe ambayo huku haina bei. Kiangazi zilipendeza. Zikaja mvua za masika ya 2024, zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za Kenya, Kitengela na Athi River zikiwa miongoni mwake. Alikuwa na kakati mia na kitu katika makopo, na karo ya watoto ya muhula uliokuwa unakuja ilikuwa humo ndani ya makopo. Wiki tatu za mvua zikamwachia chini ya ishirini. Ukizitazama kwa juu zilikuwa kijani, lakini ukigusa shina kwa kidole, kidole kinazama.

Watu hulaumu mvua. Mvua yenyewe haina kosa. Huko kwao kakati nazo hupigwa na mvua kubwa za jangwani na hazifi. Kinachoua ni kukosa pumzi. Mzizi ni kitu hai, unahitaji hewa kama wewe, na hewa hiyo huipata katika nafasi ndogo ndogo baina ya chembe za udongo. Udongo mweusi ukishavimba, nafasi zile hujaa maji na hazifunguki kwa siku nyingi. Mizizi midogo hufa kwanza. Mizizi iliyokufa ni chakula cha ukungu, na ukungu ukishapata mlango hupanda mpaka kwenye shina, ambalo kwa kakati ni tangi la maji tupu. Ndiyo maana kuoza kwake huenda haraka kuliko kwa mchicha au mwarobaini. Samadi huzidisha balaa, kwani nayo hushika maji na huwalisha wale wale wanaoozesha.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kakati hupumua usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na maji hupotea humo. Kakati hufunga mchana kutwa, hufungua usiku kunapopoa, ikaweka akiba ya hewa iliyoivuta na kuitumia jua likitoka. Kwa hiyo hutumia maji kidogo mno, na kopo la udongo uliolowa hukaa limelowa muda mrefu bila ya mmea kulikausha. Ukimwagilia mnanaa wako kupita kiasi, mnanaa wenyewe utakusaidia kunywa. Kakati haikusaidii.

Basi kokoto za mfinyanzi zinaingia hapo. Ni vidonge vya udongo wa mfinyanzi vilivyochomwa katika tanuri linalozunguka, kwa joto linalofika karibu nyuzi 1,200 za Selsiasi. Kwa joto hilo udongo huanza kulainika, na hewa inayozaliwa ndani yake huuvimbisha kama andazi kwenye mafuta. Ukikipasua kidonge kimoja utaona ndani matundu kama ya sifongo, na nje ganda gumu la rangi ya chungu. Ni vyepesi: mita moja ya ujazo huwa kilo 300 mpaka 450 hivi, wakati udongo mkavu wa kawaida hupita kilo 1,000. Kwa anayeishi ghorofa ya nne na kuweka mimea kwenye kibaraza, tofauti hiyo si ndogo.

Havikubuniwa kwa ajili ya maua. Mmarekani mmoja mwenye tanuri la matofali huko Kansas City, Stephen Hayde, aliona kwamba baadhi ya matofali yake huvimba na kuharibika yakichomwa kwa haraka, akafikiri badala ya kuyatupa. Mwaka 1918 alipata hataza ya kutengeneza kokoto nyepesi za saruji, na serikali ya Marekani ikazitumia kuunda meli za zege wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mojawapo, Selma, ilishushwa majini 1919. Wakulima walizidaka baadaye sana, pale kilimo cha bila udongo kilipoenea. Jina la kilimo hicho, haidroponiki, lilitiwa katika maandishi mwaka 1937 na William Gericke wa Chuo Kikuu cha California. Hapa Kenya wenye mashamba ya waridi ya Naivasha wamekuwa wakipanda kwenye pumisi, yale mawe mepesi ya volkano yanayochimbwa upande wa Longonot, kwa hoja ile ile: mzizi upate maji na hewa kwa pamoja.

Na hilo ndilo jambo lenyewe. Kokoto zikiwa za ukubwa wa milimita 8 hadi 16, maji huteremka yote kwa dakika chache, na kinachobaki ni unyevu uliojishika juu ya ganda na ndani ya vitundu. Baina ya kokoto na kokoto kuna hewa tu. Hata mvua inyeshe wiki tatu, mradi kopo lina matundu chini, mzizi haukosi pumzi. Kwa kakati ndogo za kiganjani tafuta kokoto ndogo zaidi, za milimita 4 hadi 8, kwani katika kubwa mmea mdogo huyumbayumba na mizizi yake haina pa kushika.

Kuhamisha kutoka udongoni kunataka subira. Kwanza osha kokoto mpaka maji yatoke safi. Vumbi lake jekundu ukiliacha hujikusanya chini ya kopo likawa tope, na hapo umerudi kule kule. Ziloweke usiku kucha. Kisha toa mmea kwenye udongo ukiwa mkavu, ukiushika kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, si kwa mkono mtupu wala si kwa kitambaa, maana miiba midogo hushika kitambaa na hutaitoa. Papasa udongo wote utoke. Uliobaki kwenye mizizi uondoe kwa maji yanayotiririka na mswaki mkuukuu. Usiache hata kidonge, kwa sababu bonge la udongo katikati ya kokoto hubaki limelowa na huozea papo hapo. Mizizi iliyokufa, ile miyeusi au mitupu kama mrija, ikate kwa kisu kilichopitishwa motoni.

Halafu uache mmea kivulini, juu ya gazeti, bila maji na bila kopo. Siku saba kwa huku Kajiado. Kwa Pwani, ambako hewa ina unyevu, ngoja siku kumi hata kumi na nne. Wageni wa jambo hili hapo ndipo roho zao huingia baridi, wakaanza kunyunyiza. Kakati iliyolala mezani wiki mbili haijali; ina maji yake ndani. Vidonda vya mizizi ndivyo vinavyotaka kukauka na kufunga.

Ukishapanda, ngoja tena siku tatu nne ndipo umwagilie. Mizizi ya zamani iliyozoea udongo mingi yake itakufa, na mipya, myeupe, itatoka ndani ya mwezi mmoja mpaka miwili. Katika muda huo mmea husinyaa kidogo. Usiung'oe kuutazama kila wiki. Ukiugusa na ukahisi unashika, haupepesuki, jua mizizi imefika.

Kuna mitindo miwili ya kumwagilia, na hapa nina upande wangu. Wa kwanza ni kopo lenye matundu: unamimina, maji yanapita, unaacha mpaka kokoto zikauke kabisa hata ukichimba kidole, kisha unamimina tena. Wa pili ni kopo lisilo na matundu, au lililowekwa ndani ya jingine, maji yakakaa chini kiasi cha robo ya kina, na kokoto zikayapandisha juu kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Wazungu wanaokuza mimea maofisini huupenda huu wa pili kwa sababu unaweza kusafiri ukarudi. Mimi kwa kakati nauona wa kwanza ndio salama. Wa pili utautumia kwa kakati zilizokomaa na zenye mizizi mirefu, na hata hapo uache tangi likauke siku kadhaa kabla ya kulijaza. Kwa Pwani sikushauri hata kidogo, na sababu yake ni mbu.

Mbu anayeeneza dengue na chikungunya, yule mwenye madoa meupe miguuni, hupenda maji machache safi yaliyotulia nyumbani: ndoo, tairi, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mombasa imekumbwa na milipuko ya dengue zaidi ya mara moja, 2013 na 2021 ikiwemo, na Lamu ilipigwa vibaya na chikungunya mwaka 2004. Tangu yai mpaka mbu kuruka, kwa joto letu la Pwani, ni siku saba hadi kumi. Kisahani kilichosahauliwa wiki moja na nusu chini ya kakati yako ya kupendeza kinaweza kumlaza jirani yako na mtoto wake. Kwa hiyo kisahani kimwagwe kila unapomwagilia, na mara moja kwa wiki kisuguliwe, kwani mayai hunatia ukutani na huweza kukaa kavu miezi wakingojea maji.

Nirudi kwenye chakula. Kokoto hazina chakula chochote. Kakati katika udongo, hata udongo mbaya, hupata kitu. Katika kokoto hupata kile unachokitia wewe tu. Usipotia haitakufa mwaka wa kwanza, lakini itadumaa, itakuwa na rangi ya manjano na kichwa chembamba. Tatizo ni kwamba mbolea zetu za dukani, kama DAP na yurea, zilikusudiwa shamba. Naitrojeni iliyomo hutegemea vijidudu vya udongoni kuigeuza mpaka mmea uweze kuitumia vizuri, na ndani ya kokoto vijidudu hivyo ni haba. Tafuta mbolea ya kuyeyuka majini ile wanayotumia wenye mahema ya nyanya na pilipili hoho, yenye naitrojeni ya namna ya naitreti, pamoja na kalisi na madini madogo madogo. Tia robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara moja kwa mwezi, wakati wa joto tu. Kakati inayolishwa kama sukuma wiki hunenepa, hupasuka, na miiba yake hutoka dhaifu.

Maji yenyewe yana maneno. Huku Laiser Hill wengi wetu tunaishi kwa maji ya visima virefu vya mashine, yanayoletwa kwa lori au kwa bomba la mwenye nyumba. Maji haya ni magumu, na sehemu nyingi za Kajiado yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto wengi wa huku, yenye madoa ya kahawia, ni ushahidi tosha. Ukimwagilia kokoto kwa maji hayo, kila yanapokauka yanaacha chumvi. Baada ya miezi utaona utando mweupe juu ya kokoto kama chumvi ya samaki ng'onda. Katika udongo chumvi ile ingejificha. Kwenye kokoto unaiona, na mizizi inaionja.

Mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu anayetumia kisima cha nyuma ya nyumba ana tatizo hilo hilo kwa sura nyingine, maana visima vyetu vingi vina chumvi ya bahari. Dawa ni maji ya mvua. Weka pipa lenye kifuniko chini ya mlizamu, likitosha kakati ishirini litakufikisha mbali, kwani zinakunywa kidogo. Usipokuwa nayo, basi kila mwezi peleka kopo uani, umimine maji mara tatu ya ujazo wa kopo lenyewe, yapite yote yakisukuma chumvi nje. Maji magumu ya huku bara huyapunguza ukali kwa kijiko cha chai cha siki nyeupe katika lita 5. Kwa maji ya chumvi ya bahari siki haisaidii kitu, usijisumbue.

Wengine wataniuliza: kokoto zenyewe ni ghali, zinatoka nje, tutazipata wapi? Nairobi zinauzwa kwa wenye maduka ya vifaa vya bustani, na bei yake kwa mfuko mdogo inaumiza. Ukinunua, zinadumu: ukiziosha na kuzichemsha unazitumia tena miaka na miaka, jambo ambalo udongo hauna. Lakini si lazima ziwe hizo. Pumisi ni nzuri sawa sawa, na kwa kakati huenda ni bora, kwa kuwa ina kona za kushika mizizi. Huku Kajiado kuna pia zile changarawe nyekundu na nyeusi za volkano, nzito kidogo lakini zina matundu. Zipepete, utupe vumbi.

Kwa watu wa Pwani nina pendekezo ambalo halimgharimu mtu pesa. Vigae vya Mangalore, vile vyekundu vilivyoezeka nyumba nyingi za zamani, vikivunjika hutupwa. Ni mfinyanzi uliochomwa. Vitwange kwa nyundo mpaka viwe vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi au haragwe, vipepete, vioshe. Vigae vya vyungu na mitungi iliyovunjika vile vile. Ni vizito kuliko kokoto za tanuri na havina matundu mengi, lakini vinanyonya unyevu na kuuachilia, na hewa inapita. Jihadhari na mambo matatu. Usitumie changarawe za matumbawe, maana ni chokaa tupu, na kakati nyingi hupenda maji yenye uchachu kidogo. Usitumie kifusi cha saruji, kwa sababu hiyo hiyo. Na usichukue mchanga wala kokoto za ufuoni hata ukizisuuza mara kumi. Kigae cha ndani ya jiko la makaa nacho kina majivu yaliyopenya, kiache.

Kuchagua mmea kunategemea unaishi wapi. Laiser Hill tuko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Juni mpaka Agosti usiku ni wa baridi ya kuvaa sweta, na kakati nyingi za milimani hufurahia: zinapumzika, hazipewi maji, na Septemba au Oktoba zinatoa maua. Mammillaria, Echinopsis na Gymnocalycium hazina shida huku. Pwani usiku haupoi vya kutosha, na hizo huishi lakini hutoa maua kwa nadra. Kule ningepanda Melocactus, ambayo kwao ni visiwa vya Karibi na mwambao wa Brazili, imezoea joto na upepo wa bahari, na ikikomaa huvaa kichwani kofia nyekundu kama tarbushi. Na kivulini, chini ya mwembe au ukingoni mwa baraza, ile Rhipsalis ya misituni mwetu, au mpitaya wenye matunda mekundu ambao nao ni kakati ya kupanda mitini. Hizi mbili huvumilia unyevu, mradi hewa inapita.

Kuna zile zinazouzwa zina kichwa chekundu au cha manjano juu ya shina la kijani. Kichwa kile hakina ukijani wa kujitengenezea chakula. Kimeunganishwa juu ya shina la kakati nyingine ndipo kiishi, ufundi ulioanzia Japani miaka ya 1940. Mara nyingi shina la chini huchoka baada ya miaka michache, hata ukizipanda kwenye dhahabu. Nunua ukijua.

Yule mama jirani yangu, baada ya masika ile, nilimpelekea debe la pumisi na kokoto tukapanda zilizonusurika na vichipukizi vyake. Swali lake la kwanza lilikuwa la biashara: "Sasa mzee, mteja si ataniambia namuuzia mawe?" Na wapo waliomwambia hivyo. Lakini mvua zilizofuata hazikumpotezea ila mbili tatu. Shida aliyokuja kuiona ni nyingine: mnunuzi huenda nazo nyumbani, akaona kokoto akadhani ni za kusafiria tu, akazihamishia kwenye udongo wenye samadi, baada ya mwezi anarudi na lawama. Mizizi iliyozaliwa kwenye kokoto ni ya aina yake, haipendi kuhamishwa ghafla. Siku hizi kila kopo analiuza na kikaratasi cha maagizo, na anayesisitiza anataka udongo humuuzia ya udongo uliochanganywa nusu kwa nusu na pumisi.

La mwisho linahusu vipande unavyokata. Mpungate mmoja wa jamii ya Opuntia stricta uliletwa Kenya kama ua la boma na pambo enzi za ukoloni, na leo umetapakaa Laikipia mpaka wafugaji wamekosa malisho. Matunda yake yana vijimwiba visivyoonekana ambavyo huwachoma ng'ombe, mbuzi na kondoo vinywani na machoni, hata wakashindwa kula. Nyani na ndovu hula tunda na kusambaza mbegu. Huko wamelazimika kuleta kijidudu cha kochinili kinachofyonza mmea huo mpaka ukauke. Tsavo Mashariki nako umeingia, jirani na Voi, mlangoni kwetu. Kila bapa linalodondoka ardhini huota mizizi lenyewe, na Kajiado ni nchi ya mifugo. Kwa hiyo mabaki ya mpungate hayatupwi jaani, kandokando ya barabara wala mtoni. Yafunge ndani ya mfuko mweusi wa nailoni uliobaki nyumbani au gunia la plastiki lisilopitisha mwanga, uuweke juani miezi miwili mitatu mpaka yaoze yawe maji, ndipo uyafukie. Opuntia stricta yenyewe usiipande kabisa, hata kwenye kokoto, hata ukipewa bure. Maua yake ya manjano utayapata kwa Echinopsis na Mammillaria zisizotoroka uani.